Mkono na Umakini: Gertrude Stein katika Maabara ya Saikolojia ya Harvard

Katikati ya miaka ya 1890, katika jengo la Dane Hall la Chuo Kikuu cha Harvard, binti wa miaka ishirini na ushei alikuwa akikaa mezani na kusoma hadithi. Mkono wake uliwekwa juu ya kibao cha kioo kilichoegemezwa juu ya vigololi vya chuma, na kibao hicho kilikuwa na mkono mwembamba wa chuma ulioshika penseli. Macho yalifuata hadithi, mkono ukaachwa ujiendee. Ikiwa penseli ingeanza kuchora mstari, duara au herufi bila mwenyewe kukusudia, mwenzake aliyekuwa karibu aliyaona hayo na kuyaweka katika kumbukumbu za jaribio. Kisha walibadilishana nafasi: aliyekuwa akitazama akawa mwenye kutazamwa, na aliyekuwa akitazamwa akawa mtazamaji.

Binti huyo alikuwa Gertrude Stein, mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Mwenzake alikuwa Leon Solomons, mwanafunzi wa shahada za juu. Miaka ishirini baadaye Stein angekuwa akiishi Paris, akijulikana kwa nathari ambayo wengi waliiona ngumu na wengine waliiona upuuzi. Lakini hapo Dane Hall alikuwa bado msaidizi wa utafiti, na kazi aliyoifanya katika maabara hiyo ilikuja kugeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake akiwa tayari na umri wa karibu miaka sitini. Kisa hicho kinastahili kusimuliwa upya, kwa sababu kinagusa swali ambalo historia ya saikolojia imelipitia juu juu: msaidizi anayeshika kalamu, au anayekubali mkono wake ushike kalamu kwa ajili ya sayansi, ana haki gani ya kusema jaribio lilikuwa nini?

Kwa kawaida historia ya maabara za saikolojia huanzia mwaka 1879, pale Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake Leipzig, Ujerumani. Katika maabara hiyo hapakuwa na ukuta imara kati ya mtafiti na mtafitiwa. Mwanahistoria Kurt Danziger ameonyesha kwamba watu wa Leipzig walipokezana nafasi hizo, na kwamba aliyetoa taarifa za nafsi yake mara nyingi alihesabiwa kuwa na cheo kisichopungua cha yule aliyeendesha vyombo. Wundt mwenyewe alikaa kwenye kiti cha mtafitiwa. Kujichunguza kulihitaji mafunzo, na aliyefunzwa hakuwa mtu wa kuokotwa barabarani.

Mwaka huohuo wa 1879, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, yalianza masomo ya wanawake yaliyojulikana kama Harvard Annex. Harvard haikuwapokea wanawake, ila baadhi ya maprofesa wake walikubali kurudia mihadhara yao mbele yao. Mwaka 1894 masomo hayo yalipata hadhi ya chuo na kuitwa Radcliffe. Kwa hiyo, maabara ya saikolojia na elimu ya juu ya wanawake katika kivuli cha Harvard vilikua pamoja, na pale vilipokutana palitokea mvutano.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mary Whiton Calkins. Mwaka 1890, akiwa tayari mwalimu wa chuo cha Wellesley, aliruhusiwa kuhudhuria semina ya William James, lakini si kama mwanafunzi aliyesajiliwa. Baadaye alifanya utafiti wa kumbukumbu chini ya Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyeletwa Harvard mwaka 1892 kuiongoza maabara. Mwaka 1895 walimu wake walimtahini kwa njia isiyo rasmi, wakatamka kwamba anastahili udaktari. Harvard ikakataa kumtunuku. Mwaka 1902 Radcliffe ilipotaka kumpa shahada hiyo kwa jina lake, Calkins hakuikubali, kwa kuwa kazi yake ilifanyika Harvard. Mwaka 1905 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Saikolojia cha Marekani. Maabara ilimpokea, chuo kikakataa kumtambua. Hiyo ndiyo nyumba aliyoingia Stein.

Stein alizaliwa mwaka 1874 huko Allegheny, Pennsylvania, akiwa kitinda mimba katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Kijerumani, na akakulia Oakland, California. Mama yake alifariki mwaka 1888, baba mwaka 1891. Mwaka 1893 alimfuata kaka yake Leo hadi Cambridge, akaandikishwa Annex kama mwanafunzi maalumu, kwa kuwa hakuwa na cheti cha sekondari. Alisoma kwa Münsterberg, ambaye mwaka 1895 alimwandikia barua ya kumsifu kama mwanafunzi wa mfano. Alisoma pia kwa James, ambaye kitabu chake kikubwa cha saikolojia cha mwaka 1890 kilikuwa kimeifananisha fahamu na mkondo wa maji usiokatika. Kwa binti asiye na wazazi, katika chuo ambacho hakikuwa chuo kamili cha Harvard, maabara ilikuwa mahali pa nadra ambapo alipewa kazi ya kweli.

Kazi aliyopewa haikuwa ndogo. Miaka hiyo waganga na wanasaikolojia wa Ulaya walishughulishwa mno na wagonjwa wa histeria ambao, kwa maelezo yao, walionekana kubeba nafsi ya pili. Huko Ufaransa, Pierre Janet mwaka 1889 na Alfred Binet mwaka 1892 walichapisha vitabu vilivyoeleza jinsi mgonjwa angeweza kuzungumza na mtu mmoja huku mkono wake ukimjibu mwingine kwa maandishi, naye asijue chochote. Msomaji wa pwani aliyekua akisikia habari za mtu kupandisha pepo, na pepo huyo kusema kwa kinywa chake maneno ambayo mwenyewe hayakumbuki baadaye, atalitambua swali hilo mara moja, ingawa maabara ililiuliza kwa lugha nyingine: je, ni nani anayesema? James naye alikuwa na hamu ya miaka mingi juu ya watu waliodai kupokea ujumbe wa wafu, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumuiya ya Marekani iliyochunguza mambo hayo.

Solomons na Stein waliligeuza swali. Badala ya kuuliza mgonjwa ana nini kisichokuwapo kwa mzima, waliuliza mzima anaweza kufika wapi. Je, mtu wa kawaida, asiye na ugonjwa wowote, anaweza kujizoeza hadi afanye bila kufahamu yale yanayosemwa kuwa ni kazi ya nafsi ya pili? Watu wa kawaida waliowatumia walikuwa wao wenyewe wawili.

Majaribio yalipanda ngazi kwa ngazi. Kwanza mkono uliachwa utikisike huku akili ikishikwa na hadithi. Kisha ulizoezwa kuandika imla, mwandishi akijaribu kutolisikiliza neno analoliandika. Taarifa yao inaeleza hali moja ya ajabu: mwandishi alikuwa akisoma kwa sauti hadithi yake huku akiandika imla, na mtoa imla naye akaisikiliza hadithi hiyo. Hadithi ilipofika pahali pa kusisimua, ikatokea kwamba mmoja anatoa imla bila kujitambua na mwingine anaiandika bila kujitambua, wote wawili wamezama katika kisa. Mwisho walijaribu kuandika bila imla yoyote, mkono ukibuni wenyewe.

Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1896 katika jarida la *Psychological Review*, ambalo lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, chini ya majina ya wote wawili. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mambo mengi yaliyonasibishwa na nafsi ya pili yamo ndani ya uwezo wa mtu mzima, na kwamba histeria ni ugonjwa wa umakini: mgonjwa hawezi kuelekeza umakini wake pale ambapo mzima anaweza, lakini hataki. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na tena mwanamke wa Radcliffe, kuona jina lake katika jarida hilo kando ya jina la mtafiti aliyemtangulia lilikuwa jambo kubwa. Aliyeandika taarifa, hata hivyo, alikuwa Solomons. Stein aliufanya utafiti na kufanyiwa utafiti. Maelezo ya kilichotokea yalipita katika kalamu ya mwingine.

Kuna kisa kingine cha miaka hiyo, ambacho Stein alikieleza mwaka 1933 katika kitabu chake *The Autobiography of Alice B. Toklas*. Mwanafunzi mmoja aliwasilisha katika semina matokeo ya majaribio yake juu ya mambo yaliyo chini ya fahamu, akalalamika kwamba mtafitiwa mmoja hakuonyesha dalili yoyote, na kwamba wastani wake wote umeharibika kwa sababu hiyo. Akaomba ruhusa ya kumwondoa. James akauliza ni nani. Alipoambiwa kuwa ni Bi Stein, alijibu kwamba ikiwa yeye hakuitikia, basi kutoitikia ni jambo la kawaida sawa na kuitikia, na matokeo yake yasifutwe kabisa.

Kisa hiki kinapaswa kupokelewa kwa tahadhari. Kimesimuliwa na mhusika mwenyewe, zaidi ya miaka thelathini baadaye, katika kitabu ambacho kwa makusudi kilichanganya historia na masimulizi ya mzaha. Hata hivyo kina thamani, kwa kuwa kinaonyesha jambo ambalo Stein alitaka likumbukwe kutoka maabarani, nalo si ugunduzi wala sifa ya kitaaluma. Alitaka ikumbukwe kwamba alikuwa yule ambaye mkono wake ulikataa, na kwamba mwalimu mmoja alitambua kwamba kukataa kwake nako ni jibu.

Taarifa ya pili ilitoka mwaka 1898 katika jarida lilelile, safari hii kwa jina lake peke yake. Hapa mambo yalikuwa yamebadilika. Badala ya watafiti wawili wanaochunguzana, palikuwa na mtafiti mmoja na wanafunzi wengi wa kiume wa Harvard na wa kike wa Radcliffe waliopita mmoja mmoja. Stein aliwawekea mkono kwenye kifaa, akauanzishia mwendo fulani, akawazungumzisha ili mawazo yao yawe mbali, kisha akatazama iwapo mkono ungeuendeleza mwendo ule bila wao kujua. Katika muda wa miaka miwili hivi maabara ya wanaojuana iligeuka maabara ya wasio na majina. Mabadiliko hayo yalikuwa yakitokea katika saikolojia yote ya Marekani, na ndiyo yaliyozaa desturi ya leo ya kumtumia mwanafunzi wa chuo kama mwakilishi wa wanadamu wote.

Kichwa kidogo cha taarifa hiyo kilisema kwamba ni uchunguzi wa tabia za watu katika uhusiano wake na umakini. Neno *tabia* ndilo la kuzingatiwa. Katika mihadhara aliyoitoa Marekani na kuichapisha mwaka 1935, Stein alieleza kwamba alitakiwa kuchunguza jinsi wanafunzi walivyoitikia wakiwa katika hali ya kawaida na wakiwa wamechoka, lakini punde akagundua kwamba hayo hayamshughulishi. Kilichomshughulisha ni watu wenyewe, namna kila mmoja alivyo. Hivyo aliwagawa watafitiwa katika aina mbili, akaeleza wasifu wa kila aina: wepesi wa kusisimka na wenye mawazo mengi upande mmoja, wazito na wapole zaidi upande wa pili.

Kwa vipimo vya sayansi, kazi hiyo ina kasoro zilizo dhahiri. Aliyeuanzishia mkono mwendo ndiye aliyeamua kama mkono umeitikia. Aliyepiga soga na mtafitiwa ndiye aliyemhukumu tabia yake. Leo mwalimu yeyote wa mbinu za utafiti angeirudisha kwa masahihisho. Lakini mtu anayeisoma kwa jicho la fasihi ataona kitu kingine: msaidizi aliyetumwa kuhesabu mitikisiko ya mikono amerudi na picha za watu. Kitabu chake kikubwa, *The Making of Americans*, alichokiandika kati ya 1903 na 1911 na kuchapishwa mwaka 1925, kilijaribu katika kurasa zaidi ya 900 kueleza kila aina ya mtu anayeweza kuwapo. Mbegu yake ilipandwa pale, mezani, mbele ya wanafunzi waliodhani wamekuja kupimwa mikono.

Stein hakuendelea na saikolojia. Kwa ushauri wa James aliingia mwaka 1897 katika skuli ya udaktari ya Johns Hopkins, Baltimore, na mwaka 1898 akapata shahada yake ya Radcliffe baada ya kukamilisha sharti la Kilatini. Aliondoka Baltimore bila kuhitimu udaktari. Mwaka 1903 alihamia Paris.

Maabara ilimfuata huko. Januari 1934, jarida la *The Atlantic Monthly* lilichapisha makala ya mwanasaikolojia kijana wa Harvard aliyekuwa hajatimiza miaka thelathini, B. F. Skinner, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wanasaikolojia maarufu kuliko wote wa karne yake. Skinner alikuwa amesoma kitabu cha Stein cha 1933, akakutana na habari za majaribio, akaenda kuitafuta taarifa ya 1896. Humo aliona vipande vya maandishi ya kujiendea vilivyonukuliwa kama mifano, akaona vinafanana na nathari ya *Tender Buttons*, kitabu cha Stein cha mwaka 1914. Siri, kwake, ilikuwa imefichuka: palikuwa na Stein wawili. Mmoja aliandika kwa akili timamu vitabu vinavyosomeka. Wa pili alikuwa mkono ulioachwa ujiendee, usio na mambo ya kusema. Msomaji, alishauri, anaweza kumheshimu wa kwanza na kumwacha wa pili bila hatia.

Hoja hiyo ina mvuto, na Skinner aliijenga kwa heshima. Lakini itazamwe ilivyosimama. Utafiti ambao Stein aliufanya akiwa mwanafunzi ili kuonyesha kwamba nafsi ya pili si lazima iwepo ulitumiwa miaka thelathini na minane baadaye kumpa yeye mwenyewe nafsi ya pili. Msaidizi alirudishwa kwenye kiti cha mtafitiwa, safari hii bila kuombwa.

Stein alijibu kwa barua kwa mhariri wa jarida hilo, Ellery Sedgwick. Alisema kwamba uandishi wake haukuwa wa kujiendea kiasi alichodhani Skinner. Kama kuna siri, iko upande wa pili, yaani katika fahamu iliyozidi wala si katika fahamu iliyopungua. Mwaka 1937, katika *Everybody's Autobiography*, alikwenda mbali zaidi. Hakuamini, alisema, kwamba yeye au Solomons waliwahi kuandika bila kufahamu. Wangewezaje, ilhali kila dakika maabarani walikuwa wakijitazama wakifanya walichokuwa wakikifanya?

Mwanahistoria hana budi kuupima ushahidi huu. Stein wa 1937 alikuwa na sababu ya kukana: jina lake la uandishi lilikuwa hatarini. Isitoshe, taarifa ya 1896 ina jina lake, na hakuna dalili kwamba aliipinga ilipotoka. Solomons hangeweza kuulizwa. Alifariki mwaka 1900, akiwa bado kijana. Hata hivyo, hoja ya Stein haitegemei kumbukumbu peke yake. Inataja jambo linalohusu kila jaribio la aina ile: mtu aliyeketi kwa makusudi ili asikusudie, akijua kwamba anachunguzwa na kwamba kesho yeye ndiye atakayechunguza, hayuko katika hali ya yule mgonjwa wa Paris. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Skinner alikisoma kitanda katika jarida. Stein alikilalia.

Lakini haki haiko upande mmoja tu. Stein alidai asikilizwe kama shahidi wa jaribio lake, na alikuwa na haki. Wale wanafunzi wa 1898 je? Waliwekwa mikono kwenye kifaa, wakazungumzishwa, wakaondoka, kisha wakagawanywa katika aina mbili na mwanafunzi mwenzao ambaye hawakujua kwamba anatazama nyuso zao kuliko mikono yao. Wakati huo hapakuwa na fomu ya ridhaa wala kamati ya maadili. Hakuna aliyewauliza kama walikubaliana na wasifu walioandikiwa, na hakuna aliyeandika majibu yao. Kile ambacho Skinner alimfanyia Stein mwaka 1934, cha kumsoma mtu kutokana na mstari uliochorwa na mkono wake, Stein alikuwa amewafanyia wenzake mwaka 1898, japo kwa upole zaidi na kwa hamu ya kweli ya kuwajua.

Leo kijana aliyetoka Mombasa, Unguja au Muscat anayesoma shahada ya kwanza ya saikolojia London au Chicago huenda akapata nafasi ya msaidizi wa utafiti. Atampokea mtafitiwa mlangoni, atamsomea maelekezo yaleyale kwa maneno yaleyale, atanukuu rekodi, atasimba majibu kwa tarakimu, na mara nyingi yeye mwenyewe atakuwa ameshakaa kwenye kiti hicho ili kupata alama za kozi yake. Jina lake laweza kuonekana katika makala, au katika mstari wa shukrani, au lisionekane popote. Anachokiona pale, kusita kwa mtu kabla ya kujibu, kicheko kisicho na safu katika jedwali, swali ambalo mtafitiwa aliliuliza na hakujibiwa, kwa kawaida hakina pa kuandikwa.

Katika Dane Hall, kulingana na kumbukumbu ya Stein, profesa mmoja aliombwa ruhusa ya kumfuta aliyeharibu wastani, naye akakataa. Stein aliibeba hukumu hiyo maisha yake yote kama haki aliyotendewa. Watafitiwa wake wa 1898 hawakupata wa kuwatetea kwa namna hiyo. Wamebaki katika kurasa za *Psychological Review* wakiwa aina ya kwanza na aina ya pili, bila majina, mikono yao ikiendelea na mwendo ambao mwingine aliuanzisha.